Ile Saa Moja

“Usinipe halafu,” Modeste alisema, kalamu ikiwa hewani. “Halafu hii, halafu ile, kila mutu anaweza kuikariri. Mimi nataka ile saa moja, kila kitu kwa mara moja.”

Domitille alifuta viganja kwenye kitenge. Katika ofisi hii ya mtaa wa Himbi walirudishwa kwa wazazi watoto waliopotea siku ya volkano, wiki tatu zilizopita. Mbele ya Modeste, karani wa hapo, palikuwa na karatasi iliyofunikwa kwa daftari: maneno ya Jolie, mwenye miaka minane. Wanawake wawili walikwisha kumdai mtoto huyo, na karatasi hiyohiyo ikawaumbua. Kesho asubuhi boti ingewapeleka Bukavu watoto wote waliokosa wa kuwachukua, na baada ya hapo nani angemwona tena? Domitille alimpenda Jolie kuliko pumzi yake.

“Haya. Moto ya volkano inaingia mu avenue yenu. Weye unafanya nini?”

Jibu alikuwa nalo. Alilikariri njia nzima tangu Kibumba, akapita nalo kwenye vizuizi vya waasi kama aliyeficha dhahabu. Lakini alipofumbua mdomo aliiona siku ile yenyewe, na jibu likamtoroka. Akasema yaliyokuwa.

“Nafunga matela na kamba, Papa. Ile saa ile ile Jolie amesimama pa mulango, ameshika kuku.”

“Na jirani?”

“Béata, jirani... anarudi mu nyumba, huku bantu banamupigia kelele. Ameacha maharagi ku moto. Anasema atakamata sufuria tu.”

“Yote kwa mara moja?”

“Yote. Mimi nafunga, mutoto anashika kuku, Béata anaingia.”

Machozi yalimtoka bila ruhusa. Alijua ameharibu. Si angenyamaza na godoro lake!

Modeste alisogeza daftari. Alisoma akifuata mistari kwa kidole, polepole, hadi Domitille akatamani kumnyang’anya karatasi.

“Matela,” alisema hatimaye. “Kuku. Jirani na sufuria yake.” Akachukua muhuri, akaupiga kwa nguvu hadi meza ikatikisika. “Ni vile vile, Mama. Mutoto ni wako.”

Domitille alimkodolea macho.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Jolie alitoka mbio, akamrukia shingoni, akaita “Mama!” kwa sauti iliyosikika ofisi nzima. Modeste aliinamia makaratasi yake, akapenga kamasi.

Mtoto akaleta mdomo hadi sikioni mwa Domitille.

“Usilie. Nilibaambia mama ni weye, ule wa matela,” alinong’ona. “Mama yangu alirudi kukamata sufuria, hakutoka.”