Ndege ya Saa Nne

Mbaraka alikuwa anakata pande la nne la juya, wavu wake wa kukokota, mngurumo uliposikika tena kutoka upande wa kisiwa cha Chole. Akatupa kisu, akavuta makuti, akalifunika juya, na mwenyewe akajitosa chini yake.

"Kijakazi! Ingia ndani!"

Mkewe hakuingia. Alisimama katikati ya ua na ungo wake, kanga nyekundu begani, akitazama juu. Ndege ya pangaboi ikapita chini hata minazi ikatikisika, ikazunguka, ikapita mara ya pili, kisha ikashika njia ya bara.

"Utanifungisha, mwanamke wewe," makuti yakasema.

"Mimi sina juya. Nifiche nini?"

Juya hilo ndilo lililomnyima Kijakazi usingizi. Hifadhi ya bahari ililipiga marufuku, na jirani yao Shaabani alikuwa gerezani kwa la kwake. Mwaka mzima alimsihi mumewe aachane nalo, hakusikia. Mpaka wiki mbili zilizopita, ndege hii ilipoanza kuja kila saa nne asubuhi, naye akaamini ni ya Hifadhi, akaanza kulikata.

Luqmani mwenye duka akatokea ugani. "Shikamoo, Ami. Uko wapi?"

"Marahaba," makuti yakajibu.

Luqmani akacheka mpaka akashika kiuno. "Ami, ile ni ndege ya jeshi! Wanafunzi wanajifunza kurusha. Wana haja gani na juya lako?"

"Mwanafunzi hana macho?" Kijakazi akadakia. "Hana kamera? Mbona haizunguki kwako?"

Luqmani akaenda zake dukani. Mbaraka akatoka, akaokota kisu.

"Mize wetu si yuko jeshini huko bara?" alisema taratibu. "Mpigie. Atuombee kwa wakubwa wake."

"Yule ni mpishi tu, baba Mize. Nani atamsikiliza mpishi?"

Mbaraka akaona kweli. Akakata pande la tano, akakata la sita. Adhana ya adhuhuri ilimkuta amebakiza moja tu, la mfuko wa kunasia samaki, alilolifuma kwa mikono yake msimu mzima. Akalipapasa, akalikunja. Hilo atalimaliza kesho, alisema, akaelekea msikitini.

Kijakazi alingoja mpaka kofia ya mumewe ilipopotea nyuma ya ua wa jirani, ndipo akatoa simu.

"Mize mwanangu, nimekuona. Leo umepinda vizuri kuliko jana. Kesho shuka chini kidogo zaidi. Baba yako amebakiza kipande kimoja."