Jina la Mjukuu

"Lifuteni jina hilo!" Lasisi alifoka, akicharanga mlango wa jirani yake Abeni kwa panga. "Kwani majina yamekwisha duniani?"

Ndani, Abeni alimkumbatia mwanawe wa siku nane. "Baba yangu kachinjwa shambani, muuaji hajulikani. Mjukuu wake nimemwita Babatunde, yaani baba amerudi. Pilipili usiyoila yakuwashiani?"

"Akirudi si atanitaja!"

Wageni wa karamu ya jina waliojaa uani wakaacha kutafuna. Lasisi akajiziba mdomo, lakini neno limeshatoka. Mgeni mmoja akamvunja mkono kwa mchi wa kutwangia viazi vikuu, panga likaanguka, wanaume wawili wakamkaba shingo.

"Mwachieni," Abeni akasema. Akausukuma mlango ukafunguka wote. "Karibu ndani ule, jirani. Mama, mjane wa uliyemchinja, ndiye anayepakua."