Chaki ya Nyamizi

Nyamizi alikuwa keshafika getini, amejitwika godoro, alipogeuka na kumrudia Mwalimu Kizito. Huyu ndiye aliyewafundisha wanafunzi haki za binadamu, na darasani kwake desturi ilikuwa moja: mwenye chaki mkononi anasema, wala hakatizwi, hata na mwalimu. Asubuhi ile, mbele ya shule nzima, Nyamizi aliinua chaki akauliza kwa nini wanalimishwa shamba la mkuu wa shule saa za masomo. Akafukuzwa papo hapo.

"Shika, Mwalimu," alisema, akimtia chaki kiganjani. "Zamu yako."

Mkuu alikuwa amesimama karibu, mikono nyuma. "Una neno, Kizito?"

Kizito alifumba kiganja. "Hapana, mkuu. Namsindikiza tu."

"Basi mtwalie godoro!" Mkuu akacheka.

Hata godoro hakulitwaa.

Siku hizi Nyamizi anauza mitumba sokoni. Mkuu alipandishwa cheo, akahama. Shamba bado linalimwa na wanafunzi. Kizito bado anafundisha haki za binadamu. Chaki ile hukaa mfukoni mwa shati lake, na pale kifuani pana weupe ambao mkewe ameshindwa kuufua.