Kitufe Kirefu

Kitufe kirefu cha kibodi kilikuwa kikibonyezwa kinarudi kivivu. Nikaking'oa, nikapaka grisi kwenye kiwaya chake kwa ncha ya kijiti, kama kaka alivyozoea.

Kaka tulimzika wakati mama amelazwa hospitalini. Daktari alikataza mama asiambiwe, hata aliporudi nyumbani. Kwa kuwa yeye na kaka walikuwa wamenuniana, mama hakuuliza mbona haingii kumsalimu. Ilimtosha kusikia kitufe kile kikigonga ng'ambo ya ukuta. Basi kila jioni nilichapa mimi, chumbani kwa kaka.

Nilikirudisha, nikachapa. Kikashuka laini, bila sauti.

“Umeacha kazi?” mama aliita, akicheka kidogo. “Najua unanisikia, kichwa ngumu wee. Haya, baba, yaishe. Njoo nikuone.”

Nikakibonyeza tena, grisi vidoleni.

“Basi nakuja mwenyewe.”

Nikasikia miguu yake ikitafuta ndala.