Shanga Shingoni mwa Kulungu

Wawindaji wa mji ule hawakumpiga kulungu dume kabla ya kukubaliana umri wake. Kijana aliachwa, mzee aliuawa.

"Huyu mzee, shemeji," Ngwale alinong'ona. "Manyoya yameshaingia weusi, shingo nene, tumbo limelegea. Piga."

Chilumba aliinua bunduki, kisha akaishusha. Shanga nyekundu zilikuwa zimezama katika shingo ile. Binti yake, Siwema, ndiye aliyemvisha yule kulungu alipokuwa ndama wa kufugwa nyumbani. Ndama alipotoroka, Siwema alimfuata msituni. Hakurudi.

"Vipi, shemeji? Si mzee?"

"Hapana," Chilumba alisema. "Bado mtoto."

Kulungu hakukimbia. Aligeuza shingo, akatazama kichaka kilichokuwa nyuma yake, kama anayemngoja mtu.