Chokaa ya Kaburi la Bwana

Mwambire alimkuta mama yake amepiga magoti, analipaka chokaa kaburi la mwenye watumwa.

"Hata leo, mama?"

Kabibi aliendelea kupaka. Alimaliza upande wa kichwani, akaweka juu yake kitonge cha pamba kama afanyavyo kila mwaka, kisha akainuka taratibu. Pamba ile aliichuma kwenye vichaka vilivyosalia vya shamba la zamani, pale pale ambapo Bwana Twahir aliivunja migongo ya wazee wao. Utumwa ulipopigwa marufuku, mabwana walilipwa fidia na watumwa wakaachiwa jembe. Na bado mama anampaka chokaa! Mwambire alikuwa ameomba ruhusa kazini kwake, kwenye mashamba ya chumvi ya Marereni, kwa sababu leo hatima ya ardhi yao inaamuliwa. Aliona aibu.

Jua lilipopanda wakafika wageni: chifu, pamoja na Nasri, kitukuu wa Bwana Twahir, aliyetoka Mombasa na kanzu yake iliyonyooka. Mlangoni Nasri aliinua mguu juu ili avuke kizingiti.

"Kanyaga, mwanangu," Kabibi akamwambia. "Kwetu kizingiti hakirukwi."

Nasri akakanyaga, akavua viatu papo hapo juu yake, akaingia. Mwambire aliijua ada hiyo. Watoto wa wenzao walichapwa kwa kukalia kizingiti. Yeye alichapwa kwa kukiruka. Nyumba ilibomoka ikajengwa, ikabomoka tena ikajengwa tena, na mlango haukuhama hata shibiri. Wazee na mambo yao.

Chifu alisema lililomleta. Hati za zamani hazipatikani, na wazee wa baraza wamekata shauri: shamba ni la ukoo wa yule aliyelala kaburini. Pande zote mbili zikikubali, maneno yamekwisha.

Nasri alikubali hata chifu hajafunga mdomo. Akaeleza kwa sauti laini jinsi babu yake alivyokuwa mwema, alivyowaacha watu wake huru kabla serikali haijasema neno, nao wakampenda hata wakabaki kumchumia pamba kwa hiari yao. Ushahidi si ule pale nje, unang'aa? Nyumba atawaachia, alisema, ili waendelee kulitunza kaburi.

Mwambire akasimama. "Hatuondoki. Lete tingatinga, utanikuta nimelala mbele yake."

"Kaa," Kabibi alisema, kisha akamgeukia chifu. "Mimi pia nimekubali. Shamba ni la mwenye kaburi."

Mwambire alikaa. Mama yake mzazi amewauza, tena mchana kweupe.

"Umeandika, chifu?" Kabibi aliuliza. Chifu akasema ameandika, na wote wamesikia.

"Basi nami nisikizeni. Bwana alikufa ghafla, msimu wa kuchuma. Siku hiyo hiyo akafa pia Kahaso, mama yake bibi yangu, kapu la pamba likiwa kichwani. Maiti haicheleweshwi, na jamaa za bwana walikuwa mbali, kwa hiyo watumwa walizika wenyewe. Jamaa walipofika walikuta udongo mbichi. Wakauliza bwana yuko wapi, wakaonyeshwa. Wakalia pale, wakajenga kwa mawe na chokaa."

Nasri alitabasamu. "Hadithi tu hizo, bibi."

"Lifukueni. Mtamkuta mwanamke, amevikwa sanda ya bwana, na pingu mguuni. Kahaso alikuwa mtoro aliyerudishwa. Wenzake hawakuwa na cha kuikatia ile pingu."

Mwambire alichungulia dirishani, akaliona kaburi jeupe na kile kitonge cha pamba upande wa kichwani. Machozi yalimlengalenga, na hakujali ni nani anayemwona.

Tabasamu la Nasri lilikuwa limekwisha. "Na babu yangu? Yeye alizikwa wapi?"

Kabibi alivitazama viatu vya Nasri, vilivyotulia mlangoni juu ya kizingiti.

"Umemkanyaga ulipoingia, mwanangu."