Kiangazi cha Mamba

Bwawa moja lilikuwa na mkuu wake, Kiboko, aliyependa raha. Korongo akamwendea.

"Mzee, kila kiangazi maji yanazidi kurudi nyuma. Tuhamie mtoni mapema, njia ingali na majimaji."

Mamba akaingilia kati. Maji yakipungua, swala hulazimika kunywa karibu na meno yake. "Mkuu, huyu anatutia hofu tu. Tungoje mwakani, tuone."

Kiboko akakubali. Mamba akala, akanenepa.

Mwaka uliofuata bwawa likawa tope. Wana wa Kiboko wakafa mmoja mmoja. Tope likakauka, likamnasa Mamba.

"Ndugu yangu Korongo, nipeleke mtoni!"

"Hata ningekuongoza," Korongo akasema kwa uchungu, "kwa jua hili usingefika."

Fisi walikuwa wamekwisha kuketi ukingoni, wakingoja.